Mshika Mbili Si Lazima Moja Imponyoke

Pale Kipini, ambapo Mto Tana humwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana, mtu hahitaji kufunzwa maana ya kuishi kwa kazi mbili. Mwenye shamba la mpunga kandokando ya Ozi hutegemea kujaa na kupwa kwa bahari, kwa maana bahari inapojaa ndipo maji matamu ya mto husukumwa hadi mashambani. Mtu huyohuyo, mpunga ukishapandwa, huonekana ufuoni akitengeneza nyavu. Naye mwanawe hushinda shuleni asubuhi, huenda chuoni kusoma Kurani jioni, na likizo ikifika huandamana na mjomba wake baharini. Hakuna anayemwita mtu wa namna hiyo kigeugeu. Ndivyo nchi ilivyo, na ndivyo watu wanavyokula.

Lakini mtoto huyo akishaingia kidato cha tatu, maneno hubadilika. Sisi walimu humwita kando tukamwonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Akijaribu kujitetea, humkumbusha fisi aliyeshindwa na njia mbili. Humwambia achague: ama nyavu, ama vitabu. Wengi huchagua, na si wachache wanaochagua nyavu, kwa sababu nyavu huleta chakula siku iyo hiyo. Baada ya hapo mlango wa shule hufungwa, na aghalabu hakuna anayeufungua tena.

Siwakanushi wahenga. Waliyanena waliyoyaona. Hata hivyo, nataka leo nimweleze msomaji maisha ya mwalimu mmoja aliyeshika mbili, na wakati mwingine tatu, kwa muda wa zaidi ya miaka 40, wala hakuna hata moja iliyomponyoka. Alikuwa mwalimu wa hisabati, mtaalamu wa tarakilishi katika makampuni ya biashara, na ofisa katika jeshi la akiba la wanamaji wa Marekani. Jina lake ni Grace Hopper.

Huenda msomaji akauliza mwanamke wa Marekani anahusiana vipi na watu wa Tana. Nitajibu kwa kumrudisha Mombasa ya mwaka 1942. Mwezi wa Aprili mwaka huo Wajapani waliishambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Waingereza wakaona heri wahamishie Kilindini sehemu kubwa ya shughuli zao za kijeshi katika Bahari ya Hindi. Kambi yao ya wanamaji hapo Kilindini ilipewa jina la Tana, jina la mto wetu. Kikosi kilichokuwa na kazi ya kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani nacho kiliwekwa katika jengo la shule, Allidina Visram, pale Mombasa. Katika majengo ambamo watoto walikuwa wakifundishwa hesabu na lugha, watu wazima waliovaa sare, wanawake miongoni mwao, walikaa usiku na mchana wakitumia elimu iyo hiyo ya hesabu na lugha kufumbua mafumbo ya adui. Mwaka wa 1943 kikosi hicho kikarudi Colombo. Basi vita vile viliwatoa wasomi madarasani katika pembe nyingi za dunia na kuwatia katika sare. Bi. Hopper alikuwa mmoja wao. Tofauti ni kwamba vita vilipokwisha, wengi walivua sare; yeye hakuivua.

Alizaliwa katika jiji la New York tarehe 9 Desemba 1906, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alifanya kazi ya bima, na baada ya kukatwa miguu yote miwili kwa sababu ya maradhi, alizidi kusisitiza kwamba binti zake wapate elimu sawa na ya kijana wa kiume ili waweze kujitegemea. Babu wa mama yake alikuwa admirali aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hivyo katika nyumba ile bahari na kitabu vilikuwa vimekaa pamoja tangu zamani. Alipokuwa na umri wa miaka 7, mtoto huyo alitaka kujua saa ya kuamshia hufanyaje kazi. Akaifungua moja, ikamshinda kuirudisha. Akaifungua ya pili, na ya tatu, hata mama yake alipotahamaki saa saba za nyumba nzima zilikuwa zimefumuliwa. Hakunyang'anywa zote. Aliachiwa moja aendelee kujifunza.

Wanafunzi wanaodhani kwamba watu mashuhuri hawakupata kuanguka mtihani na wasikilize haya. Grace alipojaribu kuingia chuo cha Vassar akiwa na umri wa miaka 16, aliangushwa na somo la Kilatini. Alingoja mwaka mzima, akajaribu tena, akapokelewa. Mwaka wa 1928 alihitimu katika hisabati na fizikia. Mwaka wa 1930 alipata shahada ya pili katika chuo kikuu cha Yale, na mwaka huohuo akaolewa na Vincent Foster Hopper, mwalimu wa fasihi. Mwaka wa 1934 akatunukiwa shahada ya uzamifu katika hisabati, hapohapo Yale.

Zingatia, msomaji, kwamba shahada hiyo hakuipata akiwa ameketi tu kusoma. Tangu mwaka wa 1931 alikuwa tayari anafundisha Vassar. Huko ndiko alikoanza kushika mbili. Alifundisha huku akisoma, na hata baada ya kupata uzamifu hakuacha kuketi katika madarasa ya walimu wenzake: leo falaki, kesho jiolojia, mtondo falsafa. Wanafunzi wake wa hisabati aliwaandikisha insha, kisha akazisahihisha kama mwalimu wa lugha. Walipolalamika kwamba wamekuja kujifunza hesabu si uandishi, aliwaeleza kwamba hesabu isiyoweza kuelezwa kwa mtu mwingine haimfai mtu. Kufikia mwaka wa 1941 alikuwa profesa mshiriki, mwenye kazi ya heshima na mshahara wa uhakika.

Ndipo vita vilipoifikia Marekani, mwezi wa Desemba 1941. Bi. Hopper akataka kujiunga na jeshi la wanamaji. Alikataliwa. Kwanza, aliambiwa umri wake umepita. Pili, alikuwa na uzani wa ratili 105, yaani kilo 48 hivi, na kipimo kilitaka ratili 15 zaidi. Tatu, mwalimu wa hisabati alihesabiwa kuwa mtu anayehitajika zaidi darasani kuliko vitani. Mtu mwingine angeridhika na sababu hizo tatu, tena ya tatu ilikuwa ya kumsifu. Yeye aliomba ruhusa maalumu kuhusu uzani wake, akaomba na chuo chake kimpe likizo, na mwezi wa Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 37, akala kiapo cha kuingia katika jeshi la akiba la wanamaji.

Hapa yafaa nieleze jeshi la akiba ni kitu gani. Huyu si mwanajeshi wa kudumu anayeishi kambini maisha yake yote. Ni raia mwenye kazi yake, awe mwalimu, mhandisi au karani, ambaye amekubali kufunzwa na kupewa cheo, na kwamba taifa likimhitaji ataitwa. Asipoitwa, hubaki kazini kwake, ila kila mara hutenga muda wa mazoezi na wajibu wa kijeshi. Kwa hivyo maisha ya mtu wa akiba ni maisha ya kushika mbili kwa makubaliano. Mwajiri anajua, jeshi linajua, naye mwenyewe anajua.

Katika mafunzo ya uofisa, ambamo wengi wa wenzake walikuwa wasichana wa umri wa wanafunzi wake, Bi. Hopper aliibuka wa kwanza. Mwaka wa 1944 akapewa cheo cha luteni wa daraja la chini. Alitazamia kupelekwa kwenye kazi ya kufumbua maandishi ya siri, kama ile iliyofanywa Mombasa. Badala yake alipelekwa chuo kikuu cha Harvard, kwenye mtambo ulioitwa Mark I, chini ya Howard Aiken, msomi mwingine aliyekuwa katika jeshi la akiba. Mtambo huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, uzani wa tani zisizopungua 4, na sehemu zaidi ya 750,000. Uliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja. Leo kikokotoo cha mwanafunzi kinaucheka, lakini wakati huo ulikuwa ajabu ya dunia.

Kazi yake ilikuwa kuuandikia mtambo huo maagizo ya hesabu zilizohitajiwa na jeshi. Aidha, aliamriwa kuandika kitabu cha kueleza jinsi unavyoendeshwa, akakiandika, nacho kikachapishwa mwaka wa 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500. Wale wanafunzi wa Vassar walioandikishwa insha hawakuonewa bure. Haifai pia kuficha kwamba miongoni mwa hesabu zilizopitia katika mtambo huo mwaka wa 1944 zilikuwamo zile zilizosaidia kutengeneza bomu la atomiki. Elimu ya hesabu haichagui itumiwe wapi. Anayechagua ni binadamu, na jukumu hilo mwenye elimu hawezi kulivua hata akiwa ndani ya sare.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Bi. Hopper aliomba aingizwe katika jeshi la kudumu. Akakataliwa tena kwa sababu ya umri. Vassar nao walimwita arudi, wakamwahidi uprofesa kamili. Hapo palikuwa njia panda ya fisi hasa. Angeweza kurudi darasani na kusahau mitambo, au kulia juu ya sare aliyonyimwa. Alikataa uprofesa, akabaki Harvard kama mtafiti, na akaendelea kuwa ofisa wa akiba.

Miaka hiyo haikuwa rahisi, na si haki kumsimulia mtu kana kwamba alikuwa malaika. Ndoa yake ilivunjika mwaka wa 1945. Hakujaaliwa watoto. Kazi ya Harvard ilikuwa ya muda tu, na mwishoni mwa miaka ya 1940 aliingia katika ulevi uliowatia marafiki zake wasiwasi mkubwa. Mzigo wa kazi nyingi una uzito wake, na asiyeutua mahali pema huutua penye chupa. Walimu wanaolijua jambo hili kwa wenzao, na huenda kwa nafsi zao, hawana haja ya kuongezewa neno.

Mwaka wa 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly huko Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza tarakilishi ya biashara iliyoitwa UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand. Huko ndiko Bi. Hopper alikofanya kazi iliyoliweka jina lake katika historia. Wakati huo kuiagiza tarakilishi kulimaanisha kuiandikia safu za tarakimu na alama ambazo wataalamu wachache tu waliweza kuzisoma. Yeye alijiuliza kwa nini mashine yenyewe isipewe kazi ya kutafsiri. Kati ya mwaka wa 1951 na 1952 alitengeneza programu iliyoweza kukusanya vipande vya maagizo vilivyokwisha kuandikwa na kuvigeuza kuwa kazi moja. Wengi hawakuamini. Walishikilia kwamba tarakilishi kazi yake ni hesabu tu, haiwezi kuandika programu.

Alikwenda mbele zaidi. Alitaka karani wa kawaida aweze kuiagiza mashine kwa maneno ya Kiingereza. Ili kuwashawishi wakubwa wake, alionyesha kwamba programu yake ingeweza kupokea amri za Kiingereza, au za Kifaransa, au za Kijerumani. Wakubwa walishtuka. Waliona ni jambo lisilowezekana mashine iliyotengenezwa Marekani ielewe lugha ya kigeni. Hawakutambua alichokuwa akiwafundisha: kwamba mbele ya mashine, neno la lugha yoyote ni alama tu zinazofuatana. Mwalimu wa Kiswahili anayeambiwa kwamba lugha yake haifai kwa sayansi na aikumbuke habari hii. Mashine haikuwa na upendeleo. Upendeleo ulikuwa katika vichwa vya watu.

Lugha aliyoisimamia, iliyoitwa FLOW-MATIC, ilikuwa msingi mkubwa wa lugha ya COBOL iliyoanza kubuniwa mwaka wa 1959 na kamati ya wataalamu, yeye akiwa mshauri wao. COBOL ilienea katika mabenki, makampuni ya bima na idara za serikali duniani, na hadi leo ingali inatumika katika mengi ya mashirika hayo.

Wakati wote huo, msomaji usisahau, alikuwa ofisa wa akiba. Mchana alikuwa kampuni, jioni na majira ya mazoezi alikuwa mwanamaji, na tangu mwaka wa 1959 akawa pia anafundisha katika chuo kikuu cha Pennsylvania. Mwaka wa 1957 alifikia cheo cha kamanda. Waliomfahamu hawakumwona akibadilika anapobadilisha mavazi. Alikuwa mwalimu akiwa kampuni, na alikuwa mwalimu akiwa katika sare. Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, kama rula ya mwanafunzi, akieleza kwamba huo ndio mwendo ambao nuru husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Maofisa wa vyeo vya juu na watoto wa shule walipewa waya uleule na maelezo yaleyale. Ofisini kwake alikuwa na saa iliyozunguka kinyume, ili kumzindua yeyote anayetetea jambo kwa sababu tu ndivyo lilivyozoeleka.

Mwisho wa mwaka wa 1966 jeshi lilimstaafisha kwa sababu ya umri. Alikuwa na miaka 60, na siku hiyo ilimhuzunisha mno. Haikupita hata mwaka mmoja. Mwezi wa Agosti 1967 jeshi lilimwita tena, kwa kuwa programu zake za tarakilishi zilikuwa zimekosa utaratibu mmoja, na hakukuwa na mwingine wa kuzisawazisha. Aliitwa kwa miezi 6. Akakaa karibu miaka 19. Kampuni yake ilimpa likizo ya kijeshi hadi alipostaafu rasmi huko mwaka wa 1971. Mwaka huohuo jeshi nalo lilimstaafisha kwa mara ya pili, na mwaka wa 1972 likamwita tena. Alipanda cheo kuwa kapteni mwaka wa 1973, komodori mwaka wa 1983, na cheo hicho kilipobadilishwa jina mwaka wa 1985 akawa admirali wa daraja la chini.

Aliagwa tarehe 14 Agosti 1986 ndani ya meli ya kale ya kivita iitwayo Constitution, iliyoshushwa majini mwaka wa 1797, katika bandari ya Boston. Alikuwa na umri wa miaka 79, ofisa mkongwe kuliko wote waliokuwa kazini katika majeshi ya nchi yake. Hata hapo hakuenda kukaa barazani. Alichukuliwa na kampuni ya Digital kuwa mshauri, akaendelea kuzunguka akifundisha. Aliaga dunia tarehe 1 Januari 1992 na kuzikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Manowari iliyopewa jina lake iliingia kazini mwaka wa 1997, na mwaka wa 2016 Rais Barack Obama, mwana wa Mkenya, alimtunukia nishani ya juu ya raia, marehemu akiwa kaburini miaka 24.

Sasa turudi Kipini. Je, maisha haya yanawafanya wahenga kuwa waongo? La hasha. Fisi wa methali alishindwa kwa sababu njia zake mbili zilikwenda mahali pawili tofauti, naye alitaka kufika kotekote kwa miguu ileile na kwa wakati uleule. Njia za Bi. Hopper zilikuwa na shina moja. Darasani, kampuni na jeshini alifanya kazi moja tu: kuichukua hesabu ngumu na kuieleza hadi asiyeijua aielewe. Alibadilisha mahali, hakubadilisha kazi. Mwanafunzi anayetaka kushika mbili na ajiulize swali hilo kwanza. Kijana anayejua upepo, mikondo ya maji na mahali samaki wanapozalia, kisha akasoma jiografia na biolojia, hashiki mbili. Anashika moja kwa mikono miwili. Lakini anayeacha vipindi vya asubuhi ili akalale kwa uchovu wa usiku, huyo methali inamhusu.

Kuna la pili, nalo latuhusu sisi tulio na funguo. Bi. Hopper alikuwa na bidii, lakini bidii peke yake isingemfikisha. Mama alimwachia saa moja. Chuo kilichomwangusha kilimpokea mwaka uliofuata. Kazini alipewa likizo badala ya kufukuzwa. Jeshi lililomstaafisha halikuona haya kumwita tena, mara mbili. Kila mlango uliofungwa nyuma yake ulifungwa bila kutiwa kufuli. Nakiri kwamba alizaliwa katika jamaa yenye uwezo na katika nchi tajiri, na hakuwa na watoto wa kulea. Mama mwalimu wa Garsen anayesomea shahada wakati wa likizo huku mtoto yumo mgongoni anabeba mzigo ambao admirali huyo hakupata kuubeba. Ndiyo sababu hasa mwalimu huyo astahili kufunguliwa mlango mpana zaidi, si kuulizwa kwa kejeli kama amechoka na kazi.

Basi mwalimu mkuu atakapomwona tena mtoto aliyekwenda baharini muhula mmoja amesimama langoni na daftari lake, asianze kwa methali. Na aanze kwa kumtafutia dawati.